Nsafu kwenye Pembe Nne

Nilipanda miche ya nsafu kwenye pembe zote nne za parseli isiyo yangu, mwenyewe akiwa safarini kwenye matanga. Nimeanza na hilo ili msomaji wa Kisangani apate nafasi ya kuweka kitabu chini, akamsimulie mkewe, wacheke, kisha arudi. Msomaji wa kwingine nitamweleza taratibu.

Hapa kwetu mpangaji anaruhusiwa kulima. Hakuna atakayekukataza kupanda matembele nyuma ya jiko, wala lengalenga, wala ngaingai ya kutia uchachu kwenye samaki. Hizo ni mboga. Zinaliwa, zinakwisha, na siku ya kuhama unaziacha bila kugeuka nyuma. Mahindi pia, sawa. Ndizi, watu wanabishana. Papai, inategemea mwenye nyumba ameamkaje. Lakini mti wa miaka mingi, kama mchikichi, mparachichi au nsafu, ule wa matunda ya zambarau, haupandwi na mpangaji. Mti wa namna hiyo unasema. Unasema kwamba aliyeupanda ana nia ya kula matunda yake papo hapo, yeye na watoto wake. Na ukiupanda kwenye pembe ya parseli, yaani kiwanja, hauna haja hata ya kusema, kwa sababu hivyo ndivyo anavyofanya mtu aliyenunua. Kabla ya kuleta tofali, kabla ya kuleta hata mchanga, anaweka mti kila pembe ili majirani wajue mpaka uko wapi.

Haya yote niliyajua. Nimezaliwa mji huu. Nilimaliza sekondari, na diploma yangu iko kwenye sanduku pamoja na kadi za chanjo, vyote viwili vikiwa vimenisaidia kwa kiasi kilekile. Sikuwa na ujinga wa kutojua. Nilikuwa na ule mwingine, wa kusahau kwa furaha. Na kilichonisahaulisha ni mchezo wa video.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna wanaosema hivyo wakimaanisha kwamba wanapenda familia. Mimi namaanisha kwamba sipendi kuvaa viatu. Kazi yangu ni kutengeneza redio, pasi na feni, na naifanya barazani, kwa sababu redio mbovu inatumia miguu ya mwenyewe na itanifikia tu. Mke wangu ndiye anayetembea. Anapanda boti hadi Barumbu kufuata samaki wa moshi, anakaa huko wiki kadhaa, kisha anarudi na habari za mto mzima, na mimi namsimulia habari za baraza. Zangu huwa fupi. Mtaani wananiita kuku wa mayai, yule anayelalia. Sikasiriki. Kuku anayezurura anaishia kwenye chungu cha watu.

Tableti ilitoka kwa dada yangu wa Goma, aliyenunua nyingine na kwa huruma akanitupia hii ya zamani. Mtoto wake alikuwa amefuta michezo yote ya bunduki na magari, akahamisha anayoitaka, akaacha mmoja. Nilielewa kwa nini aliuacha. Katika mchezo ule hakuna anayekimbia wala anayekufa kwa kelele. Nilipofungua sehemu inayoonyesha waliotengeneza, majina yaliisha kabla skrini haijajaa. Ni kikundi kidogo cha watu waliojifungia mahali wakafanya kitu wanachokipenda. Niliwaheshimu hapohapo. Nao, nilijisemea, hawapendi kuvaa viatu.

Mchezo wenyewe ni huu. Kuna giza, lakini giza zuri, lenye rangi ya zambarau kama ganda la nsafu iliyoiva. Ndani ya giza yanaelea mawe ya duara, makubwa na madogo. Unapewa jiwe moja na mbegu moja. Unaigusa mbegu, mizizi inaingia taratibu ndani ya jiwe mpaka inakutana katikati, shina linapanda, matawi yanafunguka, na kwenye matawi yanazaliwa majani yenye mabawa yanayozunguka jiwe kama nzi wapole. Ukitaka jiwe la jirani, unavuta kidole kutoka hapa mpaka pale, na majani yanaondoka bila haraka. Yakifika ya kutosha, yanajizika udongoni, mti mpya unaota, na jiwe linageuka rangi yako. Basi. Muziki unapiga kama mtu amesahau kinanda kanisani baada ya misa na upepo ndio unaocheza.

Adui yupo, lakini hata yeye hana haraka. Ni mimea ya kijivu inayotambaa kutoka upande mwingine. Ndiyo maana watu wanaita mchezo wa namna hiyo wa mbinu: unaweza kupumzika huku unashindwa. Mimi nilishindwa sana, nikiwa nimepumzika vizuri sana, mpaka nikagundua siri. Ukijaza miti katikati, wa kijivu wanakuzunguka kwa nje, na siku moja unaamka huna pa kutokea. Lakini ukianza na mawe ya pembeni kabisa, ya mwisho mwisho, yale ya katikati yanakuwa yako bila ugomvi. Pembe kwanza, kati baadaye. Nilianza kuisema sentensi hiyo kwa sauti. Niliisema nikitengeneza pasi. Mteja mmoja alidhani namfundisha kunyoosha shati.

Msimu wa nsafu ulikuta hali yangu ni hiyo. Mke wangu alikuwa Barumbu. Mama mwenye nyumba, mjane anayekaa nyumba ya mbele ya parseli yetu, alikuwa ameshuka Isangi kwenye matanga ya dada yake, na aliniachia ufunguo wa ua na neno moja: niangalie. Nilikuwa naangalia. Nilinunua nsafu, nikaziweka kwenye majivu ya moto zilainike, nikazila na kwanga, ule mkate wa muhogo, na chumvi kidogo, peke yangu, kama mfalme asiye na serikali. Kokwa nilizitupa kwenye bakuli la maji machafu. Anayejua nsafu anajua kwamba kokwa yake haina subira. Baada ya siku chache ilikuwa imepasuka, imetoa mzizi, imesimamisha kichwa.

Sasa fikiria mtu ambaye kwa wiki nzima amekuwa akitazama mbegu ikiingiza mzizi kwenye jiwe la mbinguni, kisha mbegu ya kweli inafanya hivyohivyo ndani ya bakuli lake. Nilichukua miche minne iliyonyooka vizuri, nikaitia kwenye mifuko ya udongo mweusi, na ilipopata nguvu nikasimama katikati ya ua na kuuliza swali la kipuuzi kuliko yote niliyowahi kujiuliza: nianzie wapi?

Jibu nilikuwa nalo mdomoni.

Nilifanya kazi nzuri, hilo nitajisifia. Mashimo ya kina, majivu kidogo chini, vijiti vya kuegemea, na kwa sababu mbuzi wa mtaa hawaheshimu mtu, nilizungushia kila mche uzio mdogo wa matete. Uzio huo ulionekana tangu barabarani. Kesho yake alipita mtu mmoja kwenye baiskeli, akapunguza mwendo, akatazama pembe hii, akatazama pembe ile, akaniinulia mkono.

“Patron, félicitations.”

Nilipaswa kumuuliza ananipongeza kwa lipi. Badala yake niliinua bisibisi yangu hewani kama mkubwa anayejibu saluti. Nilidhani mtu huyo anapenda bustani.

Aliyejaribu kunisaidia ni jirani yangu fundi wa kushona. Huyu ni mzee wa familia moja ya Kiislamu iliyokuwa hapa tangu kabla mji haujawa mji, na Kiswahili chake kingeweza kuwa safi kuliko cha kila mtu, ila anakichafua makusudi ili tumwelewe. Mimi namwita tonton, yaani mjomba. Yeye ananiita bwana mukubwa, hasa ninapokuwa mdogo. Alisimama ng'ambo ya ua wa matete, utepe wa kupimia ukiwa shingoni, akaitazama miche yangu mmoja mmoja.

“Bwana mukubwa. Mama anajua?”

“Nataka imushangaze, tonton.”

“Ah. Itamushangaza,” akasema, akarudi kwenye cherehani yake. Kwa muda mrefu sikusikia cherehani ikilia. Nadhani alikuwa anacheka akiwa ameshika gurudumu.

Mama alirudi kwa boti ya Isangi. Kutoka bandarini alipanda toleka, ile baiskeli ya abiria, na dalili ya kwanza niliyopata ni kwamba hakuingia nyumbani kwake. Mzigo ukiwa bado umefungwa nyuma ya toleka, mwenye toleka akiwa bado anasubiri malipo, mama alitembea hadi pembe ya kwanza. Akasimama. Akaenda ya pili. Nilikuwa nimejiandaa barazani na tabasamu la mtu anayengoja kushukuriwa. Pembe ya tatu. Kufikia ya nne tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni, mimi mwenyewe nimeshalikimbia.

Alikuja mpaka mbele yangu. Mama huyu hapandishi sauti. Anaishusha, na wewe unashuka nayo.

“Papa, nani alikuuzia?”

“Mama, hakuna mutu aliniuzia kitu. Ni zawadi yako.”

“Zawadi yangu.”

“Ndiyo, mama. Nsafu. Zitazaa tamu.”

“Zawadi ya mutu inapandwa kwa mulango yake. Hii ulipanda kwa mipaka.”

Kisha akanieleza, na kila alichosema kilikuwa kama mtu anayenivua nguo polepole mbele ya wageni. Tangu mumewe azikwe, mdogo wa marehemu amekuwa akiwaambia watu wa familia kwamba mjane yule ataiuza parseli kwa siri na kula pesa peke yake. Mama amekuwa akijibu kwa kukaa tu. Anafagia ua wake, anafungua dirisha asubuhi, watu wanamwona. Hiyo ndiyo iliyokuwa hati yake kubwa. Halafu akiwa Isangi, katikati ya matanga, watu wamekaa kwenye mikeka wanamlilia dada yake, simu ikaingia kutoka Kisangani: parseli ya kaka imeshawekwa miti pembe zote, mnunuzi amekaa barazani anapokea pongezi. Shemeji yake, huyo mdogo wa mumewe, naye akiwa matangani, alimuuliza pale pale, mbele ya waombolezaji, aliuza lini.

“Niliaibika kwa matanga ya dada yangu,” akasema. “Mwisho wa mwezi, papa, utatafuta nyumba ingine. Kama ukikaa hapa, batasema uko mwenyewe wa parseli.”

Mwenye toleka aliyasikia yote. Ndiyo kusema, kabla ya jioni mji wote uliyasikia.

Hapa niwe mkweli kuhusu kilichokuwa hatarini. Kwa mama, ni parseli: familia ikiamini ameuza, wangekuja kugawana wanachodhani kimebaki. Kwangu, ni baraza. Najua kuna watu wanaohama nyumba kama wanavyobadili soksi. Mimi ningejua kutengeneza redio kwenye baraza lingine, lakini ningelazimika kwanza kwenda kulitafuta, mtaa kwa mtaa, nikiwa nimevaa viatu, nikijieleza kwa kila mwenye nyumba kwa nini nilifukuzwa kule. Ningesema nini? Nsafu?

Nilimpigia mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya.

“Nikirudi,” akasema, “nikute godoro letu ndani, si barabarani. Mengine fanya unavyojua.” Kisha akajirekebisha. “Hapana. Usifanye unavyojua. Ndiko ulikoanzia.”

Wazo langu la kwanza lilikuwa jepesi: kuchukua jembe na kuing'oa miche mwenyewe, kimyakimya, mambo yaishe. Nilikuwa nimeshafika pembe ya karibu na fundi wa kushona alipokohoa ng'ambo ya ua.

“Unafanya nini, bwana mukubwa?”

“Naitoa, tonton.”

“Nani anakuona?”

“Wewe.”

“Mimi peke yangu sitoshi. Ukiitoa hivi, kesho watasema mununuzi amegombana na mama, anadai pesa yake irudi. Itakuwa mubaya kuliko sasa. Watu waliiona ikiwa ndani. Lazima waione ikitoka, na yule shemeji awe mbele.” Alitoa sindano mdomoni ili aseme vizuri zaidi. “Na wewe ndiye utaitoa. Mama asiiguse mpaka itoke. Mukono uliopanda ndio unaong'oa, ama sivyo utamudai fidia.”

Alikuwa sahihi, na kwa kuwa alikuwa sahihi sikumshukuru. Niliweka jembe chini. Lakini nilitaka kwanza mama ajue kwamba sikuwa na nia. Hata mwizi ana wakili. Mimi nilikuwa na tableti. Nilivaa shati, nikaibeba hadi jikoni kwake, ambako alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua pondu, majani ya muhogo.

“Mama, nipe nafasi kidogo nikuonyeshe kitu kilichonipoteza.”

Alivaa miwani, akaishika tableti kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa sahani ya moto. Nilimfungulia uwanja mpya, jiwe moja likiwa na mti wangu, mengine yakiwa matupu.

“Hii mawe iko wapi?”

“Mbinguni, mama. Inaelea.”

“Na muti huu?”

“Wangu. Angalia, majani haya ndiyo mbegu. Unayatuma kwenye jiwe lingine, yanapanda muti, jiwe linakuwa lako.”

“Bon. Na hili kubwa, ni la nani?”

“Haliko na mutu. Ndiyo unapanda. Weka kidole hapa, vuta mpaka pale.”

Kidole chake, cheusi kwa maji ya pondu, kilikwenda mpaka karibu na kioo, kikasimama. Muziki uliendelea kupiga. Alilitazama lile jiwe tupu kwa muda mrefu kuliko mimi nilivyowahi kulitazama jiwe lolote katika mchezo ule, na mimi ndiye niliyejiona bingwa.

“Nani alikuambia haliko na mutu?”

“Mama, ni mchezo.”

“Uliuliza?”

“Nimuulize nani huko juu, mama? Hakuna mutu.”

“Basi kama hakuna wa kuuliza, mi sipandi.”

Akanirudishia tableti. Hakuwa amenikasirikia zaidi, hilo nililiona. Alikuwa kama mwalimu aliyegundua mtoto anakosea hesabu kwa sababu alikaririshwa vibaya, na kosa si la mtoto tu. Nilipompa shauri la tonton, akaniambia Jumapili baada ya ibada atamwita shemeji yake, na mimi nisitoke nyumbani. Nilimjibu kwamba juu ya hilo la kutotoka asiwe na wasiwasi. Akacheka kwa pua, mara ya kwanza tangu arudi.

Jumapili hiyo nilivaa viatu ndani ya ua wangu mwenyewe. Shemeji alikuja kwa pikipiki, mtu mnene mwenye sauti nzuri ya kuimba, na nyuma yake waliingia majirani ambao hakuna aliyewaita. Fundi wa kushona alileta kiti chake. Shemeji alizunguka pembe zote, kama mama alivyofanya, ila yeye alizunguka akiwa ameshika kiuno. Kisha akasimama mbele yangu.

“Donc, wewe ni nani hapa?”

“Mi mupangaji.”

“Sema kwa nguvu. Wale wa kule nyuma hawasikii.”

“Mupangaji,” nikasema kwa nguvu. “Nyumba ya nyuma, vyumba viwili. Nalipa kwa mama.”

“Na mupangaji anapanda nsafu kwa pembe tangu lini?”

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Yalikuwa na mbinguni ndani yake, na mawe, na mimea ya kijivu. Niliwatazama wale watu, nikamwona yule wa baiskeli aliyenipongeza amesimama karibu na lango na mikono kifuani, na maelezo yote yakaniponyoka.

“Nilicheza mchezo mwingi,” nikasema. “Nikajisahau.”

Walicheka. Shemeji mwenyewe alijaribu kutocheka, akashindwa upande mmoja wa mdomo. Kicheko hicho kilinisaidia kuliko hoja yoyote, maana hakuna anayeamini kwamba mnunuzi wa kweli wa parseli anaweza kuwa mjinga namna ile. Mtu mwenye pesa ana ujinga wa aina nyingine.

Nilichimba. Mche wa kwanza ulitoka vizuri na bonge lake la udongo. Wa pili pia. Wa tatu niliuvunja mzizi, kwa sababu watu walikuwa wananielekeza wote kwa pamoja jinsi ya kutouvunja. Wa nne nilichimba kama mtu anayetoa yai chini ya kuku mwenzake. Nikaipeleka miche mitatu mizima mbele ya mama na kuiweka miguuni pake, na mashimo manne yakabaki yametazama juu.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Mama aliinama, akachukua mche wa kwanza, akautazama majani, akaugeukia umati, kisha akamgeukia shemeji yake.

“Shemeji, uko na nafasi kwako?”

“Nafasi gani?”

“Ya kupanda. Nakupa nsafu ya hapa. Ya parseli ya kaka yako. Watoto bakule.”

Majirani walisogea karibu. Mimi, bingwa wa mbinu, nilichelewa kuelewa. Fundi wa kushona alielewa mara moja; nilimwona akisogea mbele kwenye kiti chake. Kwa sababu mti hautolewi na asiye na ardhi. Anayeupokea, mbele ya watu, amekubali nani ni mwenyewe. Na anayeukataa, amekataa chakula cha watoto mbele ya majirani siku ya Jumapili. Shemeji aliutazama mche ule kama mtu anayeangalia daraja la mti mmoja. Halafu, nampa heshima yake, alitoa mikono yote miwili akaupokea.

“Asante, mama,” akasema. Hakusema shemeji.

Wa pili mama aliupanda mwenyewe mbele ya mlango wake. Ule wa mwisho aliubeba, akatembea nao hadi pembe ya barabarani, kwenye shimo langu mwenyewe, lile lile nililolitia majivu, akaushusha ndani, akasukuma udongo kwa mkono, akaukanyaga kwa kisigino pande zote. Kisha akaurudishia uzio wa matete niliousuka mimi. Ulikaa vizuri. Nilisema nilifanya kazi nzuri.

Shemeji aliondoka na mche wake umefungwa kwenye pikipiki, majani yakipepea nyuma ya shati lake. Watu walipungua. Nilibaki na jembe na swali, na nikaliuliza kabla ujasiri haujapoa.

“Mama, na mwisho wa mwezi?”

Alikuwa ananawa mikono. Alitazama mti wa mlangoni, akatazama ule wa pembeni, na umbali wa kutoka bombani hadi kule.

“Nsafu inataka maji kila siku mpaka ishike,” akasema. “Mi siko na mugongo ya kubeba ndoo. Na mbuzi unawajua.”

Akaingia ndani.

Nilimpigia mke wangu kumwambia godoro liko salama. Nilimsimulia kwa kirefu, nikiongeza mahali palipohitaji kuongezwa, na nilipofika kwenye hotuba yangu mbele ya umati nilimwambia ilikuwa fupi lakini yenye nguvu. Kisha nikajaza ndoo. Nilimwagilia mti wa mlangoni, nikavuka ua kwenda ule wa pembeni, nikiwa bado na viatu, nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Fundi wa kushona alikuwa anakunja kiti chake.

“Umeona, tonton?” nikamwambia. “Mama ana moyo. Amenisamehe yote.”

Aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akaweka kiti begani.

“Hajakusamehe, bwana mukubwa. Ameona tu kwamba mutu asiyetoka nyumbani iko mulinzi wa bure.”